Jino la Kielelezo Namba Saba

Jina la nchi yetu hutajwa mtu akiwa amesimama wima, kofia kifuani. Mimi magoti yananiuma na nimeketi, kwa hiyo mtaniwia radhi, sitalitaja. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya majimbo mawili, Kilele na Bonde, yaliyounganishwa na daraja moja na tabia moja. Tabia hiyo ni uungwana. Imechorwa kwenye bendera: watu wawili wamesimama mlangoni, kila mmoja anamwashiria mwenzake atangulie. Mchoraji wa kwanza alimchora mmoja akiwa ameshaingia ndani, na Bunge likamwachisha kazi.

Mimi ni Ngaluma, tarishi wa mahakama. Kwa miaka thelathini na mmoja nimebeba barua kutoka Kilele kwenda Bonde na kutoka Bonde kwenda Kilele, kwa baiskeli, katika mkoba wa ngozi wenye ngao ya taifa. Mimi si mtu wa kukosoa serikali. Haya nayasimulia kwa kuisifu, na msomaji atakayeona vingine ajue macho ni yake mwenyewe.

Kulikuwa na mwanamke wa Kilele, Zamoyoni, mshonaji wa sare za shule. Aliolewa Bonde na Hemedi, fundi wa pampu za maji. Wakaishi, wakachokana, wakaachana. Zamoyoni akarudi kwao na binti yao Tausi, mtoto wa miaka sita na nusu mwenye maswali ya mtu wa arobaini. Hemedi akafungua shauri Bonde, akitaka akae na mtoto. Zamoyoni naye akafungua shauri Kilele, akitaka hivyo hivyo. Hadi hapo hakuna la ajabu. Hata nchi zisizo na uungwana zina mambo hayo.

Sheria yetu iko wazi. Inasema kwamba mahakama yenye mamlaka ni ya jimbo ambalo mtoto ameishi miezi sita mfululizo kabla ya shauri kufunguliwa. Tausi alikuwa ameishi Kilele miezi sita na siku tisa. Hata mimi niliyeishia darasa la saba nilidhani nimeshaelewa. Lakini katikati ya miezi hiyo bibi yake mzaa baba alifariki, na mtoto akapelekwa Bonde kuzika. Akakaa siku mbili, akala wali wa msiba, akarudi kwa mama yake.

Siku mbili hizo Mheshimiwa Jaji Lugendo wa Kilele alizipokea kama mtu aliyeletewa zawadi. Aliniita ofisini, akanisomea barua aliyokuwa anaiandikia Bonde, huku amefumba macho kwa raha.

"'Kwa kuwa mtoto alivuta hewa ya Bonde kwa siku mbili,'" alisoma, "'mahakama hii inaona aibu kubwa kuwanyang'anya ndugu zetu heshima ya kuamua.' Unaonaje, Ngaluma?"

"Imetulia, Mheshimiwa."

"Peleka upesi, kabla hawajatuwahi."

Wageni hawaelewi haraka hiyo, basi niwaeleze. Kwetu jaji hapandishwi cheo kwa kuamua. Anayeamua huudhi upande mmoja, na kuudhi ni utovu wa adabu. Anapandishwa cheo kwa kuachia. Kila mwaka Nishani ya Uungwana hutolewa kwa mahakama iliyoachia mashauri mengi kuliko mwenzake, na mwaka huo Kilele na Bonde walikuwa sawasawa, mia tatu na kumi na mawili kwa mia tatu na kumi na mawili. Shauri la Tausi ndilo lingetoa mshindi.

Nilikanyaga baiskeli hadi Bonde. Mheshimiwa Jaji Mkwawila wa huko aliisoma barua, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyezidiwa ujanja, akaomba kalamu. Jibu lake lilisema kwamba Bonde haiwezi, haijawahi na haitathubutu kuipokonya Kilele mtoto aliyelala huko miezi sita, na kwamba zile siku mbili za msiba mtoto alikuwa analia, na mtu anayelia hahesabiki kuwa anaishi mahali.

Basi zikaanza barua. Lazima mjue kwamba kwetu kuna Sheria ya Salamu. Barua ya serikali huandikwa ukurasa mmoja tu, na kabla ya jambo lenyewe sharti mwandishi amjulie hali mwenzake, mkewe, watoto, mifugo na mvua. Anayejibu sharti azidishe salamu kuliko alizopokea, la sivyo ni dharau. Mwezi wa kwanza jambo la Tausi lilikuwa na mistari kumi. Mwezi wa pili minne. Mwezi wa tatu nilibeba barua iliyouliza hali ya mbuzi wa Jaji Mkwawila mmoja mmoja kwa majina, ikaishia hapo na sahihi. Nilivuka daraja upepo ukinipiga usoni, kifua kinaniuma, kupeleka salamu za mbuzi.

Kuna jambo moja tu ambalo majaji walikubaliana, na walikubaliana siku hiyo hiyo ya kwanza. Kwa kuwa kila siku atakayokaa mtoto katika jimbo lolote ingeongeza mamlaka ya jimbo hilo, na hivyo kulisukumia heshima ya kuamua bila ridhaa yake, mtoto asikae jimbo lolote. Akae katikati.

Katikati ya nchi yetu ni Daraja la Undugu, na katikati ya daraja kuna kijumba cha bati kinachoitwa Ghala la Pamoja la Vielelezo. Humo huwekwa vitu vyote vinavyogombewa, au niseme vinavyoachiwa, na majimbo mawili. Mtunzaji wake alikuwa Bi Mwajabu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye hajawahi kupoteza kitu. Alipoletewa Tausi alilitazama daftari lake, akamtazama mtoto, akatafuta safu ya mtoto na hakuiona. Akamwandika Kielelezo Namba Saba. Namba sita ilikuwa cherehani, namba nane spika ya harusi iliyolalamikiwa kwa kelele. Akamfungia Tausi lebo ya kadibodi kwenye kifundo cha mkono, akamtandikia godoro katikati ya vitu hivyo, akampa uji. Uji haukuwa kwenye kanuni. Alimpa tu.

Zamoyoni alifika keshoyake na begi la nguo za mtoto. Nilikuwepo. Bi Mwajabu alimweleza kwa upole kwamba wazazi wanaruhusiwa kukagua kielelezo kila Jumamosi, dakika kumi na tano, bila kugusa, maana kugusa ni kuharibu ushahidi.

"Ushahidi wa nini?" Zamoyoni aliuliza.

"Hilo wataamua wenyewe, mama."

"Lini?"

Bi Mwajabu alinitazama mimi. Mimi nikautazama mkoba wangu.

Jumamosi ya tatu Zamoyoni alimwona mwanawe nywele zimetimka, akamkalisha chini akamsuka mistari. Bi Mwajabu alihangaika, akazunguka ghala mara mbili, mwishowe akageukia ukutani hadi mistari ikaisha. Kisha akaandika kwenye daftari: "Kielelezo kimebadilika umbo kwa sababu zisizofahamika." Hemedi naye alikuja Jumamosi hizo hizo, akasimama upande wa Bonde ameshika mfuko wa karanga. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja aliniambia kwamba yeye alitaka mtoto wakati wa likizo tu, ila mwanasheria wake alimshauri aombe yote ili apewe nusu.

"Na sasa, Hemedi?"

"Sasa naomba ruhusa ya kumpa mwanangu karanga, mzee, na fomu zake zimekwisha."

Mwezi wa nne jino la mbele la Tausi likang'oka. Watoto wengine hufurahi. Tausi alilishika kiganjani, akatoka nje na kutafuta mahali pa kulirusha, maana kwetu jino la utoto hurushwa juu ya paa na mtoto huomba jipya. Bi Mwajabu akamwahi mlangoni. Kwa mujibu wa kanuni, kielelezo kilikuwa kimepungua, na sehemu iliyopungua lazima iandikwe. Jino likatiwa ndani ya bahasha ya kaki, likapigwa muhuri wa majimbo mawili, likaitwa Kielelezo 7B.

Tausi alinifuata nilipokuwa napumzika karibu na baiskeli.

"Babu, jino langu liko kwenye bahasha."

"Ndiyo, mjukuu wangu. Linasubiri mahakama."

"Nisipolirusha, jingine litaota?"

Nikamwambia litaota, mahakama ikipenda. Nimesema mengi ya kipumbavu katika kazi hii, lakini hilo moja ndilo linalonirudia hadi leo. Mtoto aliupitisha ulimi kwenye pengo, akafikiri, akarudi ghalani kukaa na cherehani yake. Niliona haya.

Mwezi wa tano ndipo Zamoyoni aligundua kifungu ambacho mimi nilikijua na sikumwambia, kwa kuwa tarishi hasemi. Kielelezo ambacho hakijaamuliwa kwa miezi sita huhamishiwa Makumbusho ya Taifa ya Mambo Yaliyoachiwa, huko Makao Makuu, ambako si Kilele wala Bonde. Nimewahi kupeleka barua huko. Kuna ng'ombe aliyekaushwa, kuna mlango wa shamba, na kuna mzee mmoja hai aliyeingia akiwa kijana kama kielelezo cha kesi ya mpaka wa shamba. Anapata chakula kizuri. Wageni wakija huwaambia watangulie.

Zamoyoni hakulia. Alinijia mahakamani na mkasi wake wa kazi ungali shingoni.

"Mzee Ngaluma, kikao cha pamoja kinaombwaje?"

"Kwa barua, Mama Tausi."

"Niandikie."

"Mimi ni tarishi, siandiki."

"Unajua salamu zote za mbuzi. Niandikie."

Nikamwandikia. Nilijaza ukurasa mzima kwa salamu, na mwisho kabisa, palipobaki nafasi ya kidole, nikaweka neno "kikao". Majaji wote wawili waliguswa sana na adabu ya barua hiyo. Wakakubali.

Kikao kilipangwa kwenye chumba cha mikutano kilichoko darajani. Majaji walifika asubuhi saa tatu, mmoja kila upande, wamevaa majoho, wakakutana mlangoni.

"Tangulia, Mheshimiwa," alisema Jaji Lugendo.

"Nitangulie vipi mbele yako, Mheshimiwa? Tangulia wewe."

"Wewe ni mgeni."

"Daraja ni letu sote, hakuna mgeni. Ingia."

"Nitaona aibu mbele ya wanangu."

Nimesema Bunge lilikataa kumchora mtu akiwa ndani. Sasa mnaona sababu. Saa nne walikuwa bado mlangoni. Saa tano waliletewa viti, kila mmoja akakataa kuketi kabla ya mwenzake, kwa hiyo viti navyo vikasimama. Makarani walipanga foleni nyuma yao, kila karani akimwachia mwenzake nafasi ya mbele, mpaka foleni ikawa inarudi nyuma kuelekea majumbani kwao. Tausi aliketi kwenye kizingiti cha ghala na lebo yake, anatazama. Ilipofika saa sita kikao kiliahirishwa kwa heshima zote, bila mtu kuingia.

Hapo Zamoyoni akasimama mbele yao.

"Waheshimiwa, nina swali moja, halafu niwaache mkapumzike. Jaji Lugendo, Kilele ina mamlaka juu ya mtoto huyu?"

Jaji alishika kifua. "Binti yangu, hatuwezi kuwa na ufidhuli huo. Hata kidogo."

"Na Bonde, Jaji Mkwawila?"

"Mungu aepushe. Bonde haina mamlaka hayo na haiyatamani."

"Ni uungwana mkubwa," alisema Zamoyoni. "Mngeniandikia? Niwe na kumbukumbu ya heshima mliyoonyeshana leo."

Sijawahi kuona furaha kama ile. Hati ya kuachia mamlaka, yenye muhuri, mbele ya mashahidi, kila mmoja akitaka yake iwe nzito zaidi. Jaji Lugendo aliandika kwamba Kilele haina mamlaka juu ya Tausi binti Hemedi leo, kesho wala milele, na kwamba ofisa yeyote wa Kilele atakayemzuia, kumgusa au kumwamrisha mtoto huyo atakuwa ameikosea Bonde adabu. Jaji Mkwawila alipoisoma akaona amezidiwa, akaandika hayo hayo na kuongeza kwamba ofisa wa Bonde haruhusiwi hata kumtazama mtoto kwa jicho kali. Wakapeana mikono. Kila mmoja alirudi kwao akiamini nishani ni yake.

Zamoyoni alizikunja hati mbili hizo, akazitia kifuani. Nilimwuliza anazitakia nini. Akaniambia nije Alhamisi.

Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi wa sita. Lori la Makumbusho lilikuwa limeshafika, limefungwa turubai, na ndani yake pamewekwa nyasi kavu kwa ajili ya vielelezo vinavyovunjika. Polisi wawili walisimama mlangoni mwa ghala, mmoja wa kila jimbo, kama kanuni inavyotaka. Hemedi alikuwa upande wake na mfuko wake wa karanga. Mimi nilikuwa na barua ya salamu mkobani, nikaamua magurudumu ya baiskeli yanahitaji kukaguliwa.

Zamoyoni alikuja anatembea polepole, amevaa gauni lake la kitenge la sikukuu na mkononi ana sare mpya ya darasa la kwanza, ameishona mwenyewe. Akapita kati ya polisi kana kwamba ni nguzo. Akamvalisha mwanawe sare pale pale, mbele ya cherehani. Akachukua mkasi na kukata lebo.

Polisi wa Kilele akakohoa. "Mama, hairuhusiwi."

Zamoyoni akamkunjulia hati ya kwanza. "Soma, afande. Kwa sauti."

Akasoma. Alipofika kwenye "milele" sauti ilimshuka. Akarudi hatua moja, akamgeukia mwenzake wa Bonde.

"Nadhani hili ni lenu, afande. Tangulia wewe."

Wa Bonde alikuwa ameshakunjuliwa hati ya pili, na alikuwa amefikia kwenye jicho kali. Akayainamisha macho yake chini haraka. "Hapana, afande. Tangulia wewe."

"Nitatanguliaje? Wewe ni mgeni."

"Daraja ni letu sote."

Wakaendelea. Dereva wa lori alisema yeye huchukua kilichoandikwa tu, na Bi Mwajabu akafungua daftari lake. Alikaa nalo muda mrefu. Mama huyu, kumbukeni, hajawahi kupoteza kitu. Mwishowe akaligeuzia upande wa Zamoyoni na kumpa kalamu.

"Andika umepokea nini, mama. Usiandike kielelezo. Wenyewe wamesema hawana mamlaka, na kielelezo ni cha mwenye mamlaka."

Zamoyoni akaandika, kwa herufi kubwa za mtu anayeandika majina kwenye kola za sare: MTOTO. Bi Mwajabu akapiga muhuri juu yake, akavua miwani na kuifuta kwa kanga, akasema vumbi la ghala hili limezidi.

Wakatoka nje, mama ameshika mkono wa mwanawe, wakaanza kuelekea Kilele. Hemedi akaita kutoka upande wa pili.

"Zamoyoni. Unampeleka wapi?"

Nikasema moyoni, sasa ndiyo itaharibika. Zamoyoni alisimama, akageuka.

"Shule. Likizo njoo umchukue. Njoo mwenyewe, Hemedi, usimtume jaji."

Hemedi aliutazama mfuko wake wa karanga. Kisha akavuka mstari mweupe uliochorwa katikati ya daraja, mstari ambao kwa miezi sita hakuwahi kuuvuka, akampa Tausi karanga mkononi, bila fomu. Akamshika kichwa. "Likizo, basi," alisema. Suala ambalo nchi nzima ilikuwa haijaliweza likawa limekwisha, na polisi walikuwa bado wanakaribishana.

Nimesema mimi si mtu wa kukosoa serikali, na serikali yetu ina haki ya kuelezwa vizuri hadi mwisho. Majaji hawakukasirika. Kukasirika kungekuwa kukiri mamlaka. Waligundua tu kwamba daftarini bado kuna kitu kimoja cha shauri hilo ambacho hakijatolewa, nacho ni Kielelezo 7B, na kwamba hati zao zilimtaja mtoto, hazikutaja jino. Nishani bado inagombewa. Wiki iliyofuata niliitwa, nikakabidhiwa bahasha ya kaki yenye mihuri miwili niipeleke Bonde, pamoja na salamu.

Nikaitia mkobani, nikapanda baiskeli. Bonde ni kushoto. Mimi nikakata kulia, nikazunguka nyuma ya Mahakama ya Kilele, ambako Zamoyoni amepanga chumba na cherehani yake inasikika kutwa. Tausi alikuwa ametoka shule, anachora ardhini kwa kijiti. Nikaifungua bahasha kwa kisu cha mfukoni, penye gundi, mihuri isiguswe. Kwa miaka thelathini na mmoja sikuwa nimefungua barua ya mtu.

"Hili ni lako," nikamwambia.

Alilipokea, akalikagua kama liko zima. "Nirushe juu ya paa gani, Babu?"

"Chagua."

Akaangalia paa la chumba chao, akaliona dogo. Akaangalia la jirani. Kisha akainua uso akaliona paa la Mahakama, refu, la bati jipya, na bendera juu yake. Akarudi hatua tatu, akarusha kwa nguvu zake zote. Likagonga bati mara moja, tukangoja, halikurudi. Ndani dirisha lilifunguka na sauti ya Mheshimiwa Lugendo ikauliza ni nani, halafu ikasikika ikimwambia karani atangulie yeye kwenda kutazama.

Bahasha niliigundisha tena. Hadi leo naibeba, Kilele hadi Bonde, Bonde hadi Kilele, na inapokelewa kila mahali kwa heshima kubwa. Hakuna atakayeifungua, maana anayefungua ndiye mwenye mamlaka. Ni nyepesi, na kwa umri wangu nashukuru.

Jino jipya la Tausi limeshafika nusu. Liliota bila kuomba kibali.